Jibu: Sauti inapita, simu ya data inakatika na NO CARRIER

Kaka, unasema kwenye mashine ya maabara inayoiga mnara wa simu, modemu yako ya mita ya maji (kifaa kinachoiunganisha mita na mtandao wa simu) inapiga simu ya sauti bila shida, ila simu ya data, ile inayobeba data badala ya sauti, inarudisha NO CARRIER, yaani muunganisho umekatika. Kama sauti inapita, kebo na usajili viko sawa. Usivihangaikie.

Angalia AT+CBST, amri ya modemu inayochagua kasi na aina ya simu ya data. Kwa biti 9,600 kwa sekunde weka AT+CBST=7,0,1, na kwenye mashine uchague huduma ya data ileile. ATD, amri ya kupiga, ikiwa ya data haiishii na nukta-mkato (;). Ukiiweka, umepiga sauti. Ikikatika tena, andika AT+CEER ikupe sababu: 65 ni kwamba huduma hiyo haipo upande wa mtandao, 88 ni kwamba upande wa pili haupatani na wako.

Ikiunganika, usipime makosa ya biti hapohapo. Ile 1 ya mwisho kwenye AT+CBST inawasha urudiaji: kipande kikiharibika njiani kinatumwa upya kimyakimya, nawe unaona data safi huku kasi ikishuka. Ibadilishe iwe 0, kisha punguza nguvu ya mawimbi polepole kuelekea dBm -102 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Hapo ndipo kipokezi kinajieleza.

Na tafadhali, tumia laini ya majaribio ya 001 01 (namba ya mtandao iliyotengwa kwa majaribio) na ufungie modemu kwenye sanduku la chuma la kuzuia mawimbi. Masafa ya MHz 900 hapa Kampala yana wenyewe. Ukivujisha, UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, watakubishia hodi.