Wati 23 Zinafikaje Duniani?

Swali: Redio koli yangu ya wati 50 hapa Dodoma haifiki Kondoa. Chombo cha anga za mbali, Voyager 1, chenye wati 23 kinasikikaje? (Fundi, Chang'ombe)

Jibu: Ndugu fundi, antena yako hutawanya mawimbi pande zote, kisha vilima huyazuia. Voyager huyakusanya kwa dishi la mita 3.7, kwa masafa ya gigahezi 8.4, katika mwale ambao upana wake haufiki digrii 1. Huku Duniani hupokelewa na dishi la mita 70, lenye kikuza mawimbi kilichopozwa chini ya nyuzi -250 za Selsiasi, maana joto la kikuza chenyewe huzaa kelele inayofunika mawimbi hafifu. Data nazo huja polepole, biti 160 kwa sekunde, ili zitambulike ndani ya kelele. Hatari kubwa ni shabaha: Julai 2023 dishi la Voyager 2, chombo pacha, lilikengeuka digrii 2 tu, mawasiliano yakakatika hadi kituo cha Canberra, Australia, kilipotuma kwa nguvu kubwa amri ya kuligeuza.