M3, Canon P au Zorki 4 kwa mvaa miwani?

Umeuliza uchague ipi kati ya kamera tatu za zamani za filamu, Leica M3, Canon P na Zorki 4, nawe unavaa miwani na unapenda lenzi ya milimita 50. Bei ikikuruhusu, chukua M3. Ilitoka mwaka 1954, na ukivuta wenzo wa kusogeza filamu unahisi mashine iliyotengenezwa kwa subira. Dirisha lake la kutazamia hukuza mara 0.91, na kati ya fremu zake, yaani mistari inayoonyesha lenzi itanasa eneo gani, ile ya 50 ndiyo pana kuliko zote, kwa hiyo hutahangaika na fremu ya 35, ambayo kingo zake ni ngumu kuziona ukiwa na miwani. Kiraka cha katikati cha kulengea, pale taswira mbili zinapokutana picha ikiwa imelengwa sawasawa, kina kingo kali. Ukilenga macho ya mtu unajua kabisa umepata.

Ila kabla ya kulipa, chungulia kwanza. Gundi ya vioo vya ndani ikiachana, kiraka hufifia au dirisha huwa jeusi, na tengenezo lake ni ghali.

Canon P ya 1959 naipenda sana. Dirisha lake halipunguzi ukubwa wa unachokiona, kwa hiyo unaweza kuacha macho yote mawili wazi. Fremu zote tatu, 35, 50 na 100, huonekana kwa pamoja. Ile ya 35 itakusumbua kwa miwani. Shata yake, yaani pazia la chuma linalofunguka kupitisha mwanga, ikiwa na mikunjo midogo usiogope, mara nyingi hufanya kazi vizuri.

Zorki 4 haina fremu, lakini ina kirekebisha macho, cha kulinganisha dirisha na uoni wako, kwa hiyo pengine utaivua miwani. Kumbuka tu: sogeza filamu kwanza, ndipo ubadilishe kasi ya shata.