Muulize Fundi: Mwembe wa babu umeanguka, tuwape wachoma mkaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Muheza, Tanga. Mwembe aliopanda babu uani kwetu umeanguka juzi na hizi mvua za masika, tunashukuru Mungu haujaumiza mtu ila choo ndo hakipo tena. Gogo ni nene, mimi na mdogo wangu tukishikana mikono hatulizunguki. Wachoma mkaa wameshakuja mara mbili wanataka lote kwa bei ya kutupa, na kaka zangu wanasema tuwape tu maana mwembe sio mti wa mbao. Mama kila akipita pale machozi yanamtoka. Kweli hauna kazi nyingine?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na mwambie mama asiwape. Huko huko pwani kwenu wavuvi wanachonga mitumbwi na ngalawa kwa mwembe toka enzi za mababu, sasa mti unaobeba watu na nyavu baharini utashindwaje kuwa meza ya kulia wali?

Ila kaka zako wasikae nao, maana mwembe haungoji kama mninga. Mimi niliwahi kuacha gogo la mwembe chini wiki kadhaa nikisubiri hela ya chensoo, siku napasua nakuta ndani kumejaa mistari ya bluu nyeusi kama mtu kamwaga wino, na vitundu vidogo vidogo kama vya sindano, ukigonga ubao unga unamwagika. Ule ukungu wa bluu ni sura tu inaharibika, lakini wale bungua, wadudu wanaotoboa hivyo vitundu, wanakula mbao kweli, na niliumia sana kwa sababu ulikuwa mti wa mama mmoja mjane aliyeniamini. Kwa hiyo pasueni wiki hii hii.

Kwanza muoneni mwenyekiti wa kijiji na afisa misitu kabla chensoo haijawaka, na kama mbao zitasafiri kwenda kwa fundi mjini mchukue hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, bila hiyo zinakamatwa njiani hata kama mti ni wa babu yako mzazi. Halafu muulize mama mahali palipokuwa panafungwa kamba ya kuanikia nguo, maana miti ya uani inameza misumari na waya, na mnyororo wa chensoo ukigonga msumari kazi imesimama.

Ukipata mtu mwenye mashine ya kupasulia ni bora zaidi, chensoo kila ikipita inakula karibu sentimita moja, mapito 10 umeshapoteza ubao mnene mzima kwa vumbi. Sema wapasue inchi 2 na robo, ukikauka na kupigwa randa unabaki na inchi 2 safi au pungufu kidogo. Na wafunge pua na mdomo kwa kitambaa, mwembe ni ndugu wa mkorosho, utomvu na vumbi lake linawasha baadhi ya watu mpaka wanavimba uso.

Kukausha ndo kazi yenyewe na hapa ndo watu wanaharibu. Paka rangi yoyote iliyobaki kwenye vichwa vya mbao siku hiyo hiyo zisipasuke. Panga juu ya matofali, sio chini, kivulini penye upepo, kati ya ubao na ubao weka vijiti vya inchi 1 kila baada ya futi 2, vijiti vya juu vilingane na vya chini yake la sivyo zitajipinda, kisha mabati juu na mawe ya kukandamiza. Hewa ya Tanga ina unyevu, subirini miezi kadhaa. Chukua kipande kimoja kila Jumapili upeleke kwenye mizani ya duka, wiki kikiwa hakipungui tena uzito ujue tayari.

Mbao hizo ni za ndani: meza, vitanda, milango ya kabati, stuli. Kwenye kenchi au nguzo ya kuchimbia usithubutu, mchwa wataimaliza. Kile kisiki kipana mpe mchongaji akutolee kinu, na vipande vinene vitoe mbuzi za kukunia nazi, kila mjukuu wa babu apate yake. Kama gogo lina uwazi katikati msilitupe, kata kipande cha kama futi 4, ziba pande mbili uache tundu, hapo una mzinga wa nyuki. Mabanzi na matawi ndo muwauzie hao wa mkaa, hiyo hela ilipe chensoo na choo.

SWALI: Mimi niko Malindi, nimeangusha mwarobaini, kuna mtu anachonga nao?

JIBU: Tena sana, hapo hapo kwenu! Wachongaji wa Kenya walihamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda baada ya mpingo na muhugu kuadimika, kwa hiyo ulizia wachongaji wa vinyago kabla hujawaita wa kuni. Wadudu wanauogopa kuliko mwembe, kwa hiyo ukibakiza mbao kidogo tengeneza sanduku la nguo au rafu za stoo.