Jibu: Picha ya Bibi Salme ilipigwa wapi?

Salaam ndugu. Umekwama hapa: una nakala ya picha ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, kavaa suruali na kanzu ya Kiomani, na mwenye duka kakuapia ilipigwa Unguja kabla hajatoroka.

Hapana. Angalia uso kwanza. Uko wazi, hana barakoa. Binti wa Sultani kukaa hivyo mbele ya mpiga picha, mwanamume wa kando, Unguja ya miaka ile? Alitoroka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden 1867, kisha akaenda Hamburg na mumewe Heinrich Ruete. Picha ni ya studio ya huko huko Hamburg. Nguo za kwao, nchi ya baridi.

Mimi nami niliuziwa maneno hayo hayo, nikaining'iniza sebuleni mwaka mzima na maelezo ya uongo chini yake!

Vitu vyake sasa. Jumba la makumbusho la Mizingani, Unguja, lina chumba chake, ila uliza kwanza kama wanapokea wageni, maana jengo jirani, Beit al-Ajaib, liliporomoka sehemu Desemba 2020. Vitabu na karatasi za familia, alizokusanya mwanawe Rudolph, ziko Leiden, Uholanzi, huko sijafika.

Kitu kinachonigusa zaidi hutakiona popote: mchanga wa pwani ya Unguja aliokaa nao mpaka alipofariki 1924. Walimzika nao Hamburg.