Mtaji wa milioni tatu, karakana ya samani Mbeya: anza na mbao, mashine zitakuja

Mkuu, umesema una milioni tatu, umepata banda Uyole, na unauliza uanze na mashine ya kuranda au ya kupasua. Mimi huu ni mwaka wa tisa nachonga samani hapa hapa Mbeya, karakana tuko watatu. Jibu langu litakukera: mashine usinunue kwanza. Nunua mbao, zipange, usubiri.

Ada ya somo hili nililipa mwenyewe. Mwaka wangu wa pili, mwezi wa tatu, mvua haikatiki, mama mmoja mwalimu wa Mafiati aliniagiza meza ya chakula ya watu wanane. Nikachukua paina iliyotoka Mafinga, muuzaji akaapa imekauka. Nikaunga mbao za juu kwa gundi, chini nikakingamisha vipande viwili, gundi na skrubu, nikaona nimemaliza ufundi. Mwezi wa nane, ule ukavu wetu unaopasua hadi midomo, simu ikaita: "Fundi, meza yako inacheka." Nilikuta ufa unaopitisha sarafu ya mia mbili, umeanzia kichwani umefika katikati. Nikamtengenezea nyingine kwa hela yangu.

Hapo nilikosea mara mbili. Kwanza mbao ilikuwa mbichi. Pili, hata isingekuwa mbichi, niliifunga isipumue. Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi cha kukusumbua, inabadilika upana. Meza ya sentimita 90 iliyoundwa kwa paina yenye maji inaweza kusinyaa zaidi ya sentimita moja. Ukiwa umeigandisha na kipande kilichokingama, kile kipande hakisinyai nayo, basi lazima kitu kipasuke. Siku hizi vipande vya chini sivitii gundi kabisa, na tundu za skrubu nazirefusha kidogo kufuata upana wa meza, ili mbao ipate pa kwenda. Hiyo tu. Bei yake ni dakika kumi za patasi.

Sasa kukausha. Panga mbao kivulini, si juani, zikae juu ya matofali. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya inchi moja, kila baada ya sentimita 60 hivi, na vijiti vinyooke juu hadi chini. Vikipishana mbao itajikunja kama kambale. Ncha zote zipake rangi ya mafuta, maana maji hutokea haraka kwenye ncha na ndiko nyufa huanzia. Juu weka mawe. Kwangu paina ya inchi moja kiangazi huchukua kama miezi mitatu. Masika usinihesabie.

Muuzaji akikwambia imekauka, usimbishie, kata kipande kidogo mbali na ncha, kipime kwenye mizani ya dukani, kisha kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo wa nyuzi 100 hivi mpaka uzito ugome kushuka. Kama kilikuwa gramu 560 kikaishia 500, hizo 60 ukigawa kwa 500 unapata asilimia 12. Samani ya ndani hiyo inafaa. Ukipata 25, rudisha kwenye vijiti. Mimi huoka kwa jirani anayepika keki, namlipa kwa vibao vya kukatia.

Tahadhari nyingine: mbao za dingdong, zile mashine ndogo zinazohamahama msituni, unene wake haulingani. Unaambiwa inchi moja, upande mmoja ni pungufu. Pima ncha zote mbili kabla hujalipa, na kumbuka randa nayo inakula. Zile za kijani zilizopigwa dawa ni za paa, usichongee meza ya chakula, na vipande vyake usimpe mtu akapikie. Mninga wa Chunya ni mzuri mno, ila usiuchukue bila risiti, kibali cha kusafirishia na alama ya nyundo inayogongwa kwenye mbao na watu wa misitu. Ukikamatwa nao barabarani mtaji umekwisha.

Kuhusu miundo, wateja watakuletea picha za kwenye simu, makochi ya majumba ya Ulaya. Usinakili tu, chukua futi ukapime kwake. Meza ya chakula sentimita 75 kwenda juu, kiti 45, kila mlaji apewe 60 za viwiko. Na mlango! Niliwahi kumpelekea mteja kabati likagoma kuingia chumbani, tukalikata kwenye veranda mbele ya wakwe zake. Tangu hapo makabati yote nayajenga ya kufunguka vipande vipande.

Kwa hiyo milioni yako ya kwanza iende kwenye mbao. Nyingine ununue randa nzuri ya mkono, patasi za saizi tatu, msumeno, keekee ya umeme na klampu nyingi kuliko unavyodhani zinakutosha. Kupasua na kuranda kwa wingi peleka kwa wenye mashine, wanalipwa kwa kila mbao. Inayobaki ikae kwa ajili ya gundi, msasa, vanishi na LUKU, na usianze kazi ya mtu bila kutanguliziwa nusu.

Ile meza iliyocheka niliirudisha karakana. Nilipoipasua, mbao zake zilikuwa zimekauka vizuri kabisa, zikatoa stuli sita. Mbili ndizo tunazokalia wakati wa chai.