Barua kwa mwanangu: miguu ya kwenda Namugongo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama siku sita zinatosha kutoka Tororo hadi Namugongo kwa miguu, ufike kwenye hija asubuhi ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, na kama ununue raba mpya wiki ya safari. Yote mawili, hapana.

Njia ya Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono ni kilomita 200 na ushee. Kwa siku sita ni kama 35 kila siku, tena juu ya lami. Ya kwanza na ya pili utazimudu. Ya tatu visigino vitagoma. Ondoka tarehe 24 Mei, tembea siku tatu, tarehe 27 pumzika, kisha malizia siku tano. Utaingia tarehe 1, umati haujaziba njia ya Kyaliwajjala, ya kuingilia Namugongo.

Raba nunua wiki nane kabla, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo miteremko itakung'oa kucha. Kila Jumamosi zivae: anza kilomita 8, ongeza mbili au tatu kila wiki.

Malengelenge huletwa na jasho na msuguano: ngozi iliyolowa hung'ang'ania soksi huku mfupa ukiendelea kusogea, matabaka yanaachana, maji yanajaa katikati. Kabla ya hapo huja doa jekundu, la moto ukiligusa. Simama hapo hapo, hata wenzako wakikutangulia. Kausha, bandika plasta, na vaselini ipake kwingine tu, kwa sababu plasta haishiki juu ya mafuta. Soksi badilisha mchana. Zilizolowa zining'inize nje ya begi. Lengelenge likishatokea, usilichune.

Begi lisizidi kilo 6, chandarua kikiwemo. Kunywa maji kidogo kidogo. Ukiishiwa nguvu kwa jasho, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha chumvi utajidhuru.

Tembeeni upande wa kulia, muyaone malori yanayowajia, hasa msitu wa Mabira, na kabla ya giza muwe mmefika. Parokia za njiani zipigiwe simu mapema, na barua ya paroko mwende nayo.

Shangazi yako kakutuma maji ya Namugongo. Kidumu utakikuta huko huko, usikibebe toka nyumbani.

Mama yako