Ukitoka lindo, vua na cheo

Kombati nimeivaa miaka 17, mingi yake hapa Pemba. Zamani nikiamini askari hana haja ya matembezi. Mchakamchaka alfajiri, jua la kutwa kazini, lindo usiku, mwili unataka nini tena? Mwili wangu ulikuwa mkakamavu kweli, lakini nyumbani watoto wakinikwepa, na usingizi nikiupata kwa kuuvizia.

Siku moja niliwachukua vijana wa zamu yangu tutembee kwa miguu kutoka Konde hadi ufukwe wa Vumawimbi. Nikayaharibu mwenyewe. Niliwapanga mistari, nikaweka saa ya kufika, aliyebaki nyuma nikamfokea. Tukaukata Msitu wa Ngezi wote bila mtu kuinua macho. Tulipotoka kivulini, kijana aliyekesha lindoni usiku ule akaanguka kwa jua. Maji na mapumziko vilimrudisha, nashukuru Mungu, ila lile lilikuwa kosa langu na nimelibeba hadi leo.

Basi ukitoka lindo, lala kwanza. Usiende juani, usiende kuogelea, usishike usukani wa safari ndefu. Bahari na msitu vitakusubiri hadi kesho.

La pili ndilo ninalolishikilia zaidi: chagua kisichofanana na kazi yako. Wewe wa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, bahari unaiona kila siku, nenda msituni. Trafiki aliyesimama barabarani wiki nzima akae kwenye mwamba na mshipi wake. Timu za mpira za vikosi ni fahari yetu, nazishangilia, lakini uwanjani bado uko kikosini. Na kombati ibaki nyumbani. Ukifika nayo kijijini, mazungumzo ya barazani hukatika.

Ngezi sasa naingia polepole. Napita ofisi ya msitu kwanza, napewa mwenyeji wa njia. Huko kuna popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana kokote duniani ila kisiwa hiki, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 1.5. Bundi wa Pemba naye ni wa hapa hapa, ukimtaka panga matembezi ya jioni, jua likizama. Ambaye Konde ni mbali kwake aende Kidike, wanakijiji wamewalinda popo wao wenyewe, na wanaonekana mchana wakining'inia mitini.

Bahari inataka adabu yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, si jambo dogo. Toka na maji yanapotoka, vaa viatu, na uanze kurudi kabla hayajageuka, kwa sababu mifereji ya maji iliyo nyuma yako hujaa mwanzo, na huku mbele bado unaona pakavu. Wengi hunaswa hapo, hata wanaojua kuogelea. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, upande wa mashariki uache. Tafuta magharibi, kwenye maji yaliyokingwa na kisiwa.

Mimi nilifunzwa haya na mzee mmoja mvuvi. Siku ya kwanza nilianza kumpangia mahali pa kusimama. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, huku mkubwa wako ni mimi. Nikikwambia twende, twende." Nikamjibu, "Haya, babu." Nilisikia mabega yakishuka. Miaka yote sikuwa nimepata asubuhi moja ambayo uamuzi si wangu na lawama si yangu.

Mambo madogo: mwachie mtu mmoja kituoni namba yako na umwambie uko wapi, ruhusa ya kutoka wilayani iombe mapema, maji ya kunywa yasipungue, chupa ya chai na muhogo wa kuchoma vinatosha.

Na wachukue wa nyumbani. Jumapili iliyopita binti yangu wa miaka 9 ndiye aliyetangulia njiani Ngezi. Aliinua mkono tusimame, tukasimama sote, mama yake, kaka yake na mimi, hadi popo alipomaliza kujigeuza kwenye tawi lake.